Kura: Je, ni Mali au ni Amana?

Mwezi huu yafaa tufikiri pamoja juu ya neno moja ambalo laonekana dogo, lakini mizizi yake ni mirefu. Neno lenyewe ni hili: watu wakiwa na ardhi kando ya ziwa moja, na wote wakayategemea maji yale yale, ni nani astahiliye kupiga kura juu ya maji hayo? Na akiisha kupewa kura, je, apewe moja kama mwenziwe, au apewe kura nyingi kwa kadiri ya ukubwa wa shamba lake?

Huenda mtu akasema, "Hilo ni shauri la matajiri wa nchi za mbali, sisi latuhusu nini?" Lakini na angoje kidogo. Katika uchaguzi mkubwa wa nchi, kura ya mtu mmoja ni kama tone katika bahari. Katika chama kidogo cha jirani na jirani, kila tone lahesabika, na mara nyingi aliyelitia ajulikana. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua jinsi moyo wa mwanadamu ulivyo wakati wa kupiga kura, asitazame miji mikubwa tu, bali atazame na vyama vidogo.

Vyama vya namna hii ni vingi katika nchi ya Marekani. Katika majimbo ya kaskazini, kama Wisconsin na Minnesota, yako maziwa maelfu kwa maelfu, mengine madogo kabisa. Kando yake watu wamejenga nyumba. Wengine hukaa humo mwaka mzima, hata wakati wa barafu. Wengine hukaa mijini, nao huja kiangazi tu kuvua samaki na kupumzika. Wengine viwanja vyao vyafika majini; wengine viwanja vyao viko nyuma, ng'ambo ya barabara, nao wana njia tu ya kushukia ziwani. Hawa wote hukutana katika chama na kuchagua wasimamizi wao. Nao wasimamizi huamua mambo kama haya: magugu ya majini yang'olewe au yatiwe dawa, na kwa fedha ya nani? Maji yazuiwe yapande kiasi gani? Mashua za mota zikimbie saa ngapi? Mashimo ya vyoo yakaguliwe au yaachwe?

Sasa tutazame kura zao zinavyokwenda. Mtu asiyejua atadhani kwamba watagawanyika kwa hekima, wenye akili upande huu na wajinga upande ule. Sivyo. Mara nyingi kura hufuata mahali nyumba ilipo, kama vile maji yafuatavyo mkondo. Mwenye kiwanja majini huona ni haki kutoza kila mtu fedha ya magugu, maana magugu yako mlangoni pake. Mwenye kiwanja cha nyuma huona ni haki walipe wale wanaoguswa na maji. Mwenye mashua kubwa hutaka maji yapande. Ambaye ua wake uko chini hutaka yashuke. Akaaye mwaka mzima huwaza bei ya kodi. Ajaye kiangazi huwaza uzuri wa ziwa. Kila mmoja husimama mkutanoni na kusema, "Kwa faida ya ziwa letu." Nao hawasemi uongo kwa makusudi. Ni kwamba kila mtu aliona ziwa kutoka dirisha lake mwenyewe, akalidhania dirisha lake kuwa ndilo ziwa.

Kuna na jambo la pili, nalo ni la wale wasiokuja. Tuseme chama kina viwanja 100, na kila kiwanja kina kura moja. Siku ya mkutano wamekuja wenye viwanja 30. Basi watu 16 wakikubaliana, neno limekwisha. Watu 16 wamewafunga 100. Nao 84 waliosalia hunung'unika mwaka mzima, wakisema, "Chama kimetekwa na watu wachache." Lakini ni nani aliyewapa wachache hao nguvu? Hawakuiiba, waliikuta imeachwa juu ya kiti kitupu. Kwa hiyo, mtu asomapo hesabu ya kura, asihesabu zilizopigwa tu. Na ahesabu pia zile ambazo hazikupigwa, maana nazo ziliamua.

Katika jimbo la Wisconsin watu waliyaona mambo hayo, wakatunga sheria juu ya wilaya za maziwa, nayo ni ya mwaka 1974. Wilaya ya namna hiyo si chama cha hiari tu. Yaweza kutoza kodi. Kwa sababu hiyo sheria haikuwaacha wenye ardhi peke yao. Wakaao ndani ya wilaya wenye haki ya kupiga kura wana kura, hata kama hawana ardhi. Na raia wenye ardhi humo wana kura, hata kama hukaa mbali. Kila mtu ana moja, awe na kiwanja kimoja au kumi. Kampuni yenye ardhi humteua mtu mmoja kuipigia kura. Katika mkutano wa mwaka hakuna kumtuma mwingine apige kura mahali pako: sharti uje mwenyewe. Na ili wageni wa kiangazi wasizuiwe kwa hila, mkutano huo kwa kawaida hufanywa katika miezi ya joto. Tena, pamoja na wasimamizi waliochaguliwa, huwekwa mjumbe wa baraza la wilaya kubwa na mjumbe wa mji au kijiji, ili ziwa lisisahau kwamba liko ndani ya nchi.

Lakini si mahali pote walipoamua hivyo. Na hapa nataka kuwaeleza habari ya ziwa jingine, maana shauri lake lilifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, nalo latuonyesha neno hili kwa kweli kabisa.

Katika jimbo la California palikuwa na ziwa kubwa liitwalo Tulare. Zamani lilikuwa kubwa kuliko maziwa yote ya maji matamu yaliyo magharibi ya mto Mississippi, na watu wa kabila la Yokuts waliishi kando yake kwa uvuvi. Baadaye walowezi waliigeuza mito iliyolijaza ili kumwagilia mashamba, ziwa likakauka, na tope lake likawa shamba lenye rutuba nyingi. Lakini ziwa halikufa; lilikuwa limelala tu. Katika miaka ya mvua na theluji nyingi hurudi na kudai mahali pake.

Ili kuyaongoza maji hayo, iliwekwa wilaya ya maji yenye eka 193,000. Sheria ilisema kwamba wapigao kura ni wenye ardhi tu, na kwamba kila mmoja atakuwa na kura moja kwa kila dola 100 za thamani ya ardhi yake. Wakati wa shauri lile, ndani ya wilaya nzima walikaa watu 77 tu, na kati yao 18 walikuwa watoto. Wengi wao walikuwa wafanya kazi wa kampuni nne, ambazo zililima karibu asilimia 85 ya ardhi yote. Wenye mashamba yasiyozidi eka 80 walikuwa 189, lakini mashamba yao yote pamoja yalikuwa asilimia 2.34 tu ya ardhi. Na kampuni moja, J. G. Boswell, ilikuwa na kura 37,825, zilizotosha kuipa wajumbe walio wengi katika baraza.

Fikirini hesabu hiyo. Watu 189 waweza kukutana, kusema kwa hekima, na kukubaliana wote bila hata mmoja kukataa. Lakini mbele ya sanduku la kura kukubaliana kwao ni kama upepo. Mahali penye hesabu kama hiyo uchaguzi wabaki jina tu. Hakuna anayejisumbua kusimama, hakuna anayejisumbua kubishana, maana jibu lajulikana kabla ya swali kuulizwa. Basi mtu akiona mahali ambapo wasimamizi hawapingwi mwaka hata mwaka, asiseme upesi, "Hapa pana amani." Huenda ikawa amani, huenda ikawa watu wamekata tamaa.

Mwaka 1969 ziwa lilirudi. Watu waliwaomba wajumbe wa baraza kuyageuza maji ya gharika yaende katika bonde jingine liitwalo Buena Vista. Baraza likapiga kura, na kwa wajumbe 6 juu ya 4 shauri likawekwa kando. Kwa sababu gani? Jaji mmoja alieleza baadaye: kampuni ya Boswell ilikuwa imekodi mashamba katika bonde lile la Buena Vista kwa muda mrefu, na maji yangalizuia kilimo chake. Basi maji yakabaki Tulare, yakafunika mashamba ya wengine.

Sasa angalieni ajabu hii. Aliyekwenda mahakamani kulalamika, pamoja na wenziwe, ni kampuni ya Salyer. Nayo Salyer haikuwa maskini. Ilikuwa mmojawapo wa wale wakubwa wanne. Maadamu kura zilikwenda kwa mizani ya mali, naye alikuwa mwenye mali, mizani ilimkalia vema. Lakini alipotokea mwenye mali nyingi kuliko yeye, mizani ile ile ilimwangusha. Mwenye kukubali kwamba uzito wa mfuko ndio uzito wa neno, na ajue kwamba siku moja atakutana na mfuko mzito kuliko wake.

Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwaka 1973. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1964, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kwamba katika mabaraza ya kutunga sheria ya majimbo, viti sharti vigawanywe kwa hesabu ya watu. Lakini katika shauri hili la Tulare majaji 6 juu ya 3 walisema kwamba sheria ya California si kosa. Jaji Rehnquist aliandika sababu zao, nazo si za kudharauliwa. Alisema kwamba wilaya ile si serikali kamili: haina shule, wala polisi, wala haijengi nyumba. Kazi yake ni maji ya mashamba. Tena gharama zake zote huwekwa juu ya ardhi, kwa kadiri ya faida ambayo kila ardhi yapata. Basi alipaye zaidi, si haki awe na neno zaidi?

Jaji Douglas, pamoja na Brennan na Marshall, alikataa. Alisema kwamba gharika haiulizi hati za ardhi. Maji yakija, huingia katika nyumba ya kibarua kama yaingiavyo katika nyumba ya tajiri. Na kampuni haina mwili wa kuzama, bali kibarua anao.

Ndugu, hapa tumefika katika kiini cha neno. Pande zote mbili zina kweli fulani, na haifai kuikanyaga kweli ya upande mmoja kwa sababu twaupenda upande mwingine. Na tupime.

Upande wa kwanza wasema: kura ni kama hisa. Ukitia shilingi kumi katika duka la ushirika na mimi nikatia mia, duka likiungua mimi napoteza zaidi. Basi yafaa nisikilizwe zaidi. Tena kuna hatari ya kinyume. Tukiwapa watu 189 wenye mashamba madogo kura moja moja, na kampuni nne kura nne, hao wadogo waweza kuamua kujenga mfereji wa gharama kubwa na kuwatupia wakubwa mzigo wote. Hiyo nayo ni dhuluma. Uchache wa mali haumfanyi mtu kuwa mwenye haki, wala wingi wa mikono iliyoinuliwa haugeuzi uovu kuwa wema.

Upande wa pili wasema: kura si hisa, ni sauti ya mtu, na mtu hapimwi kwa eka. Mwenye eka elfu hana macho elfu ya kuona, wala watoto elfu wa kuzama. Ana fedha zaidi ya kupoteza, ni kweli. Lakini aliye na kibanda kimoja, akikipoteza, amepoteza yote. Ni yupi basi aliyepoteza zaidi? Mizani ya fedha yasema ni yule wa kwanza. Mizani ya maisha yasema ni yule wa pili.

Nasi wa Afrika ya Mashariki twalijua shauri hili kwa miili yetu. Katika Kenya, uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika, mwaka 1957, ulifanywa kwa namna ambayo mtu mmoja aliweza kuwa na kura mpaka tatu, kwa kadiri ya elimu, mali na utumishi wake. Na wengi hawakuwa na hata moja. Katika Tanganyika, uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au kazi fulani ya cheo. Walioziweka sheria hizo walisema maneno yale yale ya Tulare: mwenye kitu ndiye atakayepiga kura kwa uangalifu. Lakini kodi, na vita, na njaa havikuchagua wenye darasa la nane.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika kitabu juu ya serikali ya wajumbe mwaka 1861. Yeye alikataa kwamba mali iwe kipimo cha kura, ingawa alitaka wenye elimu wawe na kura zaidi, na katika hilo wengi leo hawamfuati. Lakini alisema neno moja ambalo halijachakaa. Alisema kwamba kura si haki ya mtu ya kutumia apendavyo, kama atumiavyo fedha yake. Kura ni amana. Maana apigaye kura anatia mkono katika maisha ya mwingine. Kura yangu juu ya maji yaweza kukausha shamba lako. Basi nawezaje kusema kwamba ni yangu peke yangu?

Nami naona kwamba neno hili la amana lafungua fundo letu. Kura ikiwa mali, wenye Tulare walikuwa na haki: mali hupimwa kwa mali. Lakini kura ikiwa amana, swali lageuka. Hatuulizi tena, "Ni nani alipaye?" tu. Twauliza pia, "Ni nani atakayelowa?" Mahali ambapo uamuzi wagusa mfuko tu, na wagusa mifuko ya wanachama tu, si vibaya kupima kura kwa fungu la kila mtu, kama katika biashara. Lakini mahali ambapo uamuzi wagusa maji ya kunywa, nyumba, afya na uhai, hapo kila alowaye yafaa awe na sauti, hata asiyekuwa na hati ya ardhi. Na yule alipaye zaidi asilindwe kwa kupewa kura nyingi, bali kwa sheria ya haki inayoweka mpaka wa kodi na kumpa nafasi ya kulalamika. Kwa njia hiyo mkubwa hawezi kummeza mdogo, wala wadogo hawawezi kumla mkubwa.

Mtu atauliza, "Je, kura moja kwa kila mtu yatosha kuleta haki?" Haitoshi. Tumekwisha kuona kwamba hata penye kura sawasawa, watu hupiga kura kwa dirisha lao. Rousseau, mzaliwa wa Geneva, mji ulio kando ya ziwa, alionya mwaka 1762 kwamba mapenzi ya wote si lazima yawe mapenzi ya jumla. Ukizikusanya tamaa mia za watu mia, umepata rundo la tamaa. Hujapata bado faida ya wote. Sheria njema humpa kila mtu kura. Haiwezi kumpa moyo wa kuitumia kama amana. Huo sharti ajitafutie mwenyewe.

Mwaka 2023 ziwa la Tulare lilirudi tena, likafunika eka zaidi ya 100,000. Karibu na bonde hilo uko mji mdogo wa Allensworth, ulioanzishwa mwaka 1908 na Kanali Allen Allensworth, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa. Watu wake si wenye mashamba makubwa, nao walihangaika kuziba njia za maji kwa mikono yao. Basi swali la mwaka 1969 lingali hai: maji yakija, ni nani ataamua yaelekezwe wapi, na nani atalowa?

Ninyi msomao gazeti hili, wengi wenu mwakaa katika mabaraza: ya ushirika wa kahawa, ya shule, ya kijiji, ya kisima cha maji. Mkikaribia kupiga kura, nawasihi mjiulize mambo matatu. Kwanza, neno hili litamgusa nani asiyekuwamo chumbani? Mtajeni kwa jina kabla hamjainua mikono. Pili, kama ningalikaa katika nyumba yake, si katika yangu, ningaliinua mkono huu? Tatu, matokeo yakiisha kuhesabiwa, je, naweza kumtazama jirani aliyeshindwa na kumweleza sababu yangu bila kuificha?

Mtu akiweza kuyajibu hayo matatu kwa moyo mweupe, na ashindwe au ashinde, ameilinda amana yake. Lakini asiyeweza, hata akishinda kwa kura 37,825, ameshinda hesabu tu. Na maji yakirudi, hayatauliza ni nani aliyeshinda.